Kumi na Mbili na Nusu

Gari nimeliegesha Al Khoud, ubavuni mwa ukuta wa jirani,
injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi tu.
Saa nane mchana. Nje joto limesimama wima
kama askari aliyesahauliwa lindoni.

Magotini redio mpya, ndogo, nene kama juzuu amma.
Nyaya mbili, mwekundu na mweusi,
zimeshapita chini ya zulia kwenda kwenye betri.
Fyuzi nimeweka. Antena imeng'ang'ania paa kwa sumaku.
Imebaki kuifundisha kuhesabu.

Maana redio hupanda ngazi kwa hatua uliyoipa.
Ukiiambia ishirini na tano, itaruka ishirini na tano,
na aliyekaa baina ya vidato viwili
atakohoa, atapiga hodi, ataondoka.

Muhannad, mtoto wa kaka yangu, yuko kiti cha nyuma,
pipi ya kijiti shavuni, kitabu cha maelekezo mapajani
amekifungua kwenye ukurasa wa Kijapani.
"Shangazi, si umpigie tu baba simu?"
Simu yangu hapokei, namwambia.
"Tangu lini?"
Soma, mwanangu. Menyu ya hatua ni ya ngapi?

Chaneli ya kwanza naiita MLIMA:
ripita ya huko juu, toni themanini na nane nukta tano,
kutuma kunashuka kilohezi mia sita chini ya kupokea,
kama mtu na kivuli chake saa ya alasiri.
Ya pili NYUMBA. Kioo kinakubali herufi sita,
na nyumba imezijaza zote,
haikuacha hata pa kupumulia.
Tuliigawa mwaka juzi, ile ya Ibra, ya mama:
yeye kachukua mlango wa kuchonga,
mimi kisima, ambacho hakina maji.

Ya tatu.
Redio ya Zahor ilitolewa kwenye teksi iliyokufa;
ndani mna kipande kimoja cha fuwele,
kimetiwa risasi, hakihami.
Mia na arobaini na tano, nukta tatu tatu saba tano.
Hapo ndipo anapokaa, shambani kwake Barka,
antena juu ya tangi la maji, ndimu zikimwangalia.

Nikaweka hatua ya tano. Nazungusha:
tatu tatu tano. Tatu nne sifuri.
Nimempita. Narudi. Nimempita tena.
Nikaweka ishirini na tano, ndio kabisa,
nimemvuka kama kituo ambacho basi halisimami.
Mkaidi! Hata kwenye hewa
lazima umfuate alipo.

"Menyu kumi na tatu," anasema Muhannad,
"lakini ubonyeze kwanza, uhesabu mbili, ndiyo uzungushe."
Nabonyeza. Moja. Mbili.
Kumi na mbili na nusu.
Hatua ya mtu anayepunguza mwendo makusudi.
Tatu mbili tano. Mkono unatoka jasho
na kiyoyozi kinapuliza.
Tatu tatu saba tano.

Mvumo tu, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili.

Simu humwonyesha jina langu kabla sijasema kitu.
Redio haimwonyeshi. Lazima nijitaje mwenyewe,
ndiyo sheria ya leseni.
Nikajitaja. Herufi kwa herufi, polepole,
kisha nikaachia kitufe, nikangoja
muda wa kumenya chungwa.

"Tano na saba," ikasema Barka.
"Sauti yako nyembamba. Antena umeiweka wapi?"
Juu ya paa, katikati.
"Isogeze nyuma kidogo." Kimya. Mchele. Halafu:
"Huyo mtoto amekula?"

Muhannad akaitoa pipi mdomoni,
akaificha nyuma ya mgongo
kana kwamba babake anaona.

Nikaandika ZAHOR. Herufi tano, ikabaki nafasi moja.
Nikabonyeza kuhifadhi. Ikalia pii.
Nikabonyeza tena, isije ikasahau.