Nguzo ya Saba

Mgeni wa kaskazini, Terkelsen jina lake
(sisi tulimwita Don Tirichi, maana ulimi ulituteguka),
alifika juma la kuvuna ngano, mwavuli wa kijani kwapani
na kisanduku cha penseli alichokilinda kuliko roho.
Siku nne alikalia jiwe moja,
akiyatazama magofu kama mtu anayewadai.

Siku ya kwanza aliniomba nianue nguo.
Nilikuwa nimezianika ninapozianika daima,
kati ya nguzo ya pili na ya tatu,
kwenye kamba niliyorithi kwa mama mkwe.
Nilianua. Shuka zikakaukia miibani.
Siku ya pili akamtaka Calogero wangu
asimame na fimbo, awe mchungaji.
Mwanangu hajapata kuchunga hata kuku!
Mbuzi walikuwa wa Nunzia, naye alidai malipo kwa kila kichwa,
hata kwa yule aliyegeuka akaonyesha mkia tu.

Jioni alinionyesha karatasi.
Kusoma sijui, kuhesabu najua:
nguzo saba wima, kwa wino wa kahawia
mwepesi kama maji ya kusuuzia sufuria ya dengu.
Ametia mti ambao haupo.
Ametia majani yatambaayo juu ya jiwe kavu.
Na moshi wa tanuri letu la chokaa,
huo unaotukohoza tangu Pasaka,
ameugeuza wingu la machweo,
zuri, nikalitazama hadi nikaona haya.
Nikamuuliza kwa vidole: na mume wangu yuko wapi?
Akacheka. Akapuliza vumbi la penseli.

Baldassare alikuwa nyuma ya wingu,
na nyundo.

Asije mtu akasema tulivunja nyumba ya miungu.
Miungu hiyo iliondoka bila kuaga,
ikatuachia mawe, na mawe hayaliwi
mpaka yapite motoni:
jiwe likawa chokaa, chokaa ikawa gunia la unga,
na unga hauna historia ukishakuwa mkate.
Baba mkwe aliangusha ya tisa.
Waliomtangulia hawakuhesabu.

Jumatano nguzo ya saba ilichorwa.
Ijumaa mgeni alipanda nyumbu akaenda zake.
Jumamosi ikaanguka, kuku wakakaa siku mbili bila kutaga.

Lakini kuna jambo sikumwambia,
maneno yake na yangu hayakufika huko.
Chumba alicholala, alichokisifu weupe wake
akipapasa ukuta kwa kiganja kama mtu apapasaye farasi,
tulikipaka kwa nguzo ya nane.
Mchana kutwa alilisaka hekalu juani,
usiku akalala ndani yake,
akikoroma, miguu imepita kitanda.

Muuza sindano ananiambia
karatasi ile imetundikwa kwa tajiri mmoja, kwenye nchi ya theluji,
na watu husimama mbele yake wakashusha pumzi.
Sijui kama ni kweli; huyo huuza na sindano zisizo na tundu.
Calogero alichukuliwa jeshini, Napoli.
Miaka sita, hakuna barua, na nani angenisomea.
Huko ukutani bado ana miaka tisa,
mdogo kama chawa, chini ya nguzo saba,
ameshika fimbo ya kuazima,
na hakuna aliyemwambia kwamba mchoro umekwisha,
anaweza kurudi nyumbani akale.

Hapa zimebaki nne.
Kamba nimeirudisha mahali pake.