Nyumba Iliyovuka Maji

Kwetu tuna neno, mahame:
mahali walipokaa watu, wakahama,
neno likabaki kulinda mlango.
Hapa Twillingate hawana neno hilo.
Drusilla Pelley hunyoosha kidole dirishani, kaskazini,
na kusema, "Kule." Basi.

Ninamwosha miguu Jumatatu na Alhamisi.
Ndipo husimulia, maji yangali vuguvugu.

Mababu zake walifika Kisiwa cha Gannel wakifuata chewa.
Hapakuwa na mti. Walipikia mbao za meli zilizovunjika.
Udongo waliubeba kwa ndoo, safari baada ya safari,
wakaulaza juu ya mwamba, wakaulisha mwani na vichwa vya samaki,
wakauita shamba.
Nyumba kumi na moja. Kanisa moja,
na kengele yenye ufa, mlio wake mlio wa sufuria.

Kisha akaja mtu wa serikali, viatu vikavu.
Barabara, alisema. Daktari. Umeme.
Na fedha kwa kila kaya, ila kwa sharti:
mikono yote juu.
Drusilla alikuwa na miaka tisa, akahesabu.
Kumi juu.
Wa baba yake, Eliakim, ulikuwa mezani,
umefumbwa kama ulioficha sarafu.
Kimya kikaja, kikavuta kiti, kikakaa.
Mkono ukapanda.
"Sijui ulikuwa mzito kiasi gani," anasema.
"Nipe taulo."

Nyumba walizifunga mapipa matupu kiunoni,
wakangoja maji yajae, wakazikokota kwa mashua.
Ya kina Pelley ilivuka na mapazia yake,
jiko halijapoa bado,
na paka aliyegoma kutoka
kakaa dirishani anaitazama bahari inavyopita.
Makaburi hayakufungwa mapipa.

Mwezi wa saba Hedley, mpwa wake, alitupeleka.
Nilijiandaa kwa upweke. Thubutu!
Ndege wenye midomo ya rangi za sikukuu
walipishana miambani kama makarani waliochelewa kazini.
Nyasi zilifika kiunoni.
Mbali kidogo mlima wa barafu ulikuwa ukivuja taratibu,
haumwamkii mtu.

Drusilla alisimama penye mstatili wa majani mabichi zaidi.
"Jikoni," akasema. Akapiga magoti. Nikapiga naye.
Chini ya ardhi kitu kilikuwa kikikoroma.
Ni ndege wadogo weusi, wasiotoka ila usiku;
wamechimba vyumba katika udongo ule wa ndoo,
kila shimo na yai lake moja,
kila yai na mzazi wa zamu.
Ramani imeandika: hakuna mkazi.
Mchora ramani hakuinama.

Nyuma ya mstatili, mboga ya mama yake ingali inaota,
mashina mekundu, manene kama vidole gumba.
Alilivunja moja, akanigawia nusu.
Uchachu wa mbirimbi! Machozi yakanitoka,
naye akadhani ninamlilia yeye.
Sikumsahihisha.

Nyumba yenyewe ipo hapa mjini, mtaa wa pili kutoka kwetu,
imepakwa manjano, inapangishwa kwa watalii.
Hupita mbele yake bila kugeuza shingo.
Upepo wa kaskazini ukivuma, mbao hulia upande mmoja tu,
ule wa baharini.
Fundi asema msingi umelala.
Drusilla asema fundi huyo
hakuzaliwa Gannel.