Kikombe cha Mizani Tisa

Mashine yangu ya kudurufu ni ya mtumba,
hukohoa kabla ya kutoa ukurasa wa kwanza.
Hapa Ng'hong'honha, jirani na geti la chuo,
vumbi hupenya hadi kwenye wino,
na vitabu vya watu hutoka na wekundu kidogo pembeni.

Ubeti ule niliutunga mwenyewe
siku Nhonya alipokopa kurasa themanini akahama mtaa:

    Mteja nakuheshimu, mkopo una koleo,
    Umeme nao adimu, mita nayo ni kimeo,
    Wino kwangu ndiyo damu, karatasi ndiyo cheo,
    Lipa kwanza tutadumu, kesho uje kama leo.

Nikaubandika ukutani. Wanafunzi wakacheka, wakaupiga picha.
Sikuona ubaya. Kicheko hakili umeme.

Siku ya mahafali Chilewa alitandika turubai njiani,
vikombe vyeupe, elfu nane kimoja.
Nikainama kuchagua,
nikajisoma.

Jina langu halikuwapo. Hilo ningelimeza.
Lakini penye koleo waliweka matatizo.
Mkopo una matatizo! Hesabu kwa vidole:
mizani tisa, na kina kimekufa.
Nikalipa elfu nane, nikaondoka na maiti ya mstari wangu
ndani ya mfuko wa kaki.

Ofisi ya hakimiliki iko ghorofa ya pili, nyuma ya maktaba.
Bwana Kamgisha alikizungusha kikombe mara tatu.
"Uliusajili?"
Nani husajili tangazo la deni?
"Si kitu," akasema. "Haki ya mtunzi haingoji muhuri.
Kalamu ilipoinuka karatasini, tayari ilikuwa imezaliwa.
Sasa, unataka waache, au walipe?"
Nikamwambia nataka koleo langu.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Hilo nalo ni haki," akasema, akaandika.

Leseni, akanieleza, ni kupangisha chumba.
Ufunguo unampa, hati ya nyumba inabaki sandukuni kwako.
Mnaandikiana: vikombe vingapi, mpaka lini, kwa shilingi ngapi,
na mpangaji habomoi ukuta.

Nilimpenda mtu yule
mpaka aliponiuliza duka langu linaitwaje.
"Chuo Steshenari."
"Lile lenye nembo yetu mlangoni?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Mama Mbeleje, wewe ni wa huku, chapa ya ng'ombe unaijua.
Mtu akiiona pajani, hamuulizi ng'ombe, anajua zizi.
Akiiona nembo mlangoni pako anadhani wewe ni zizi letu.
Ukikosea ukurasa, tumekosea sisi."

Hakuniuliza nadurufu nini.
Nilijiuliza mwenyewe, nikishuka ngazi:
kile kitabu cha fiziolojia, kurasa mia tatu na kumi na mbili,
nimekitoa mara ngapi tangu masika?
Yupo mtu mahali fulani aliyehesabu mizani yake,
na mimi ni Chilewa wake.

Jioni nikaikwangua nembo kwa msasa.
Haikutoka yote. Ukipita asubuhi, jua likiwa chini,
utaona kivuli chake kwenye bati,
kama picha iliyoondolewa ukutani.
Neno Chuo nimelifuta pia. Nimebaki Steshenari,
na pengo mbele yake.

Chilewa aliahidi kuja Alhamisi.
Alhamisi mbili zimepita.

Leo binti wa mwaka wa kwanza kaweka kitabu mezani.
"Chote, mama."
"Sura moja," nikasema.
Akanitazama kana kwamba nimepandisha bei ya maji.
"Hizo nyingine?"
"Muombe mwenye nacho."
"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikafungua ule ukurasa wa nyuma ya jalada,
wenye herufi za sisimizi, ambao hakuna anayeusoma.
Tukauinamia wote wawili, vidole juu ya mstari,
midomo ikicheza.
Tulikuwa hatujafika kwenye jina
umeme ukakatika.

Binti akageuka ukutani, akausoma mstari wangu wa pili
kwa sauti, gizani, kwa kichwa,
bila kukosea hata mizani moja.