Jicho Chini ya Kofia

Mwaka mzima Premio ya baba ilitembea imewasha taa,
saa saba mchana, jua limesimama utosini mwa Buguruni,
na wenye bodaboda wakipishana naye
wanamkunjia na kumkunjulia vidole:
taa, mzee, taa!
Naye anawapungia. Alidhani anasalimiwa.

Mafundi watatu walishakula hela yake.
Wa kwanza alibadilisha rilei.
Wa pili akabadilisha swichi.
Wa tatu alifunga boneti, akasema
gari nyingine hushuka bandarini na jini lake.

Ndipo tukaenda Gerezani, kwa Chausiku binti Mkumbaru,
mikono imejaa grisi, kalamu ya testa sikioni.
Hakufungua boneti.
Alikaa kiti cha dereva, akatazama,
akaiinua kofia ya baba kutoka kwenye dashibodi,
ile ya kutarizi, inayokaa hapo Ijumaa hadi Ijumaa.
Tukangoja.
Taa zikazimika ukutani mwa duka la mabomba.

"Hapa pana jicho," akasema.
Kweli: cheusi, kidogo kama punje ya choroko,
kimejibanza chini ya kioo.
"Hili halijui saa. Halisikii adhana.
Linapima mwanga unaoliangukia, basi.
Mwanga ukififia, linanong'oneza kompyuta,
kompyuta inaivuta rilei, tap,
taa zinafumbuka.
Wewe umelivika kofia, mzee.
Kwake ni usiku mmoja, haujakucha tangu mwaka jana."

Baba alicheka hadi akashika mlango.
Kisha akauliza, maana ndiye yeye:
"Na nikipita chini ya daraja pale Tazara?"
"Kivuli kifupi hakilishtui. Linasubiri kwanza.
Lina subira kukuzidi."

"Na magari haya mapya, yenye wanja mweupe wa taa
asubuhi kweupe?"
"Hizo si za kuona, ni za kuonekana.
Injini ikiwaka, nazo zinawaka, hazingoji giza.
Ila vijana wanazikimbiza usiku Barabara ya Mandela
wakidhani wamewasha taa.
Mbele harusi,
nyuma kaburi: hata taa moja nyekundu haipo."

Alitoza elfu tano. Ya kuinua kofia.
Baba akaongeza mbili, za kicheko.

Mimi sikucheka sana.
Nilikuwa nafikiria vidole vya wale wa bodaboda,
mwaka mzima, hatua tatu kutoka usoni pake,
na kitaa cha kijani mbele ya usukani
ambacho hakukiona hata siku moja.

Muhimbili walisema mtoto wa jicho, yote mawili.
Foleni ya upasuaji ni ndefu.

Siku hizi naendesha mimi.
Kofia anaipakata.
Juzi tulikuwa Jangwani, saa nane mchana,
wingu la masika limeshuka hadi kwenye nguzo za umeme,
na tone la kwanza lilikuwa bado halijadondoka.
"Kumekuwa giza?" akauliza.
"Bado, baba."
Akainua kidole, ninyamaze.
Chini ya dashibodi: tap.
"Mwenzangu anasema limeingia," akasema,
akaanza kupandisha kioo, polepole,
akikitafuta kitufe kwa vidole.