Umbo la Tende

Kwenye fomu kuna neno la Kiingereza,
tuseme maneno matatu yaliyoshikana mikono,
na mbele yake visanduku viwili: ndiyo, hapana.
Mfasirie bibi, akasema mhandisi Varghese.
Kiarabu chake yeye ni cha dukani,
na Bi Zuweina, miaka hamsini hapa Ibra,
akikasirika ulimi wake hurudi Unguja.

Nikaanza vibaya. Mstari wa kuona, nikasema.
Akauliza: wa kanga au wa daftari?
Nikasema, mnara wa zahanati lazima uuone mnara wa kilimani,
pasiwe na kitu kati.
Akacheka mpaka ushungi ukamteleza.
Minara imeota macho? Basi leteni wanja.

Nikajaribu tena: peupe.
Nalipenda neno hili, hufunga midomo mara mbili
kabla ya kuiachia.
Lakini peupe ni uwanja, ni kichwa cha mwenye upara,
na tulichokitaka sisi kilikuwa njia.
Varghese akachuchumaa, akachora mchangani kwa ufunguo wa gari.
Mawimbi hayapiti kwenye uzi, akasema. Yanataka umbo la tende:
limechongoka huku, limechongoka kule, limenenepa katikati.
Na katikati hasa, penye kokwa,
umesimama mtende wa bibi.

Akaacha kucheka.

Huu niliupanda mwaka ule marehemu
alipojenga ile ya pili.
Hakunyoosha kidole. Alielekeza kwa kidevu,
ng'ambo ya falaji, ukuta wa chokaa, dirisha la buluu.
Nilitaka kiti changu cha asubuhi kibaki changu.
Watu wakaniambia, tundika pazia.
Pazia upepo hulifunua.
Na wahenga ndio waliosema macho hayana pazia;
mimi yangu nimeyapandia.
Zamu yangu ya maji ilipofika, miaka thelathini na moja,
wa kwanza kunywa alikuwa yeye.
Leo wewe, mtoto wa Muhsin, unaniletea karatasi
inayodai kila kinachozuia ni kibaya.

Anasemaje? akauliza Varghese.
Anafikiri, nikamwambia.
Kitabu chetu cha kazi kina mlima, jengo, mti.
Hakina mti uliopandwa kwa makusudi.

Siku ya tatu akanipigia, sauti ikikatikakatika
(ndio ugonjwa wenyewe tuliokuja kuutibu):
Makuti... upande mmoja... shina msi...
Nikamwita Rafiqul na kamba yake na panga.
Yalianguka makuti saba,
la mwisho likiburura kiota kisicho na ndege.
Mtambo ukalia mara moja, taa ikawa kijani.
Minara ikaonana, kama inavyoonana minara,
bila salamu.

Kupitia tundu lile lile, dirisha la buluu likafunguka.
Bi Thuraya.
Kapungua, amekuwa mdogo kama nguo iliyoanikwa.
Uso wake ulitugeukia sote, ngazi, panga, kofia za njano,
ukakaa hapo hapo, haukuuliza kitu.
Kisha mkono ukatoka, ukapapasa ubao wa dirisha,
vidole vikitembea kidogokidogo
mpaka vikaigusa sahani ya tende zilizoanikwa,
vikazihesabu.

Tangu lini? akasema Bi Zuweina.
Mimi nilikuwa naangalia fomu. Rafiqul alikuwa juu.
Tangu lini haoni?

Nikatia alama kwenye ndiyo.
Kalamu iligoma, nikairudia.
Tulipopakia ngazi garini alikuwa bado amesimama
pale makuti yalipoangukia,
mkono ameuinua nusu,
kama mtu ambaye hajaamua
anasalimia au anajikinga jua.