Simu ya Februari

Mimi ni fundi saa mstaafu.
Miaka arobaini na moja nimeinamia vijigurudumu vidogo kuliko punje za ulezi,
kwa hiyo usiniambie sikujua ilikuwa saa ngapi.

Ghorofa ya tatu, mtaani Tuira, mjini Oulu.
Juu yangu dari. Juu ya dari, Eeli,
hajatimiza miaka saba,
kofia yake ina kishada cha sufi ya buluu.

Oktoba, saa tatu na dakika kumi usiku,
kiti kikaburutwa.
Kisha kitu kisicho kiti.
Kisha kimya, kile kimya cha mtoto
aliyekwisha kujua kwamba kilio kina bei.
Nikaongeza sauti ya redio.
Mtangazaji alisoma kasi ya upepo, kisiwa kwa kisiwa,
nikasikiliza kama mtu mwenye meli.

Novemba nilimkuta ngazini, soksi bila viatu,
theluji imelala kizingitini.
"Unangoja nani?"
"Nangoja iishe."
Sikuuliza nini iishe.
Nilimpa kipande cha mkate wa iliki
nikajiona mwema hadi asubuhi.

Unajua tunavyojitetea.
Pilipili usiyoila yakuwashia nini?
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Na mimi nani? Mgane wa miaka sabini na minne,
sikio moja bovu.
Labda ni kabati. Labda wanacheza.
Na Jonna, mama yake, hunisalimia vizuri,
Krismasi aliniletea kopo la jamu.
Nikikosea, nitasimama naye vipi kwenye lifti?
Niliipima aibu yangu kwa mizani ya sonara;
kitanga cha pili nilikiacha kitupu.

Januari nikaanza kuandika nyuma ya kalenda:
tarehe, saa, dakika. Mazoea ya kazi.
Mwandiko wangu mzuri.
Ukurasa ukajaa, na hapakuwa na wa kuusoma.

Februari, Jumanne.
Eeli alishika reli ya ngazi kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ameubana ubavuni
kama ndege abanavyo bawa.
Yule mtoto ni wa mkono wa kulia. Namjua,
huchora farasi kwenye ukungu wa kioo cha mlango.
Nikaingia ndani, koti sikulivua, nikapiga.

Sauti ya mwanamke, haina haraka.
Hakutaka ushahidi.
Alitaka nimeona nini, nimesikia nini.
"Kuchunguza ni kazi yetu," akasema.
"Yako ni kutuambia."
Nikamsomea kalenda. Nilisikia vidole vyake vikigonga herufi.
Halafu: "Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Nina saa kumi na tisa ukutani.
Zote zilikuwa zikienda.
"Oktoba," nikasema.
Hakunilaumu. Alirudia tu, "Oktoba," akaandika,
na neno lile mpaka leo
halijamaliza kuandikwa.

Walikuja wawili jioni ile ile, buti zao nyeupe.
Sikuchungulia.
Uongo. Nilichungulia.
Jonna alikuwa amepiga magoti ngazini akimfunga mtoto koti,
akakosea vifungo, akafungua, akaanza upya,
machozi yakimdondoka kwenye kile kishada cha buluu.
Nilitarajia zimwi.
Nilimwona mtu ambaye labda naye
alikuwa na mlango aliotamani ubishwe.

Yaliyofuata siyajui.
Hawaruhusiwi kuniambia, na ni haki.
Jonna hupita bila kunisalimu.
Sawa. Ndiyo salamu niliyoiogopea miezi minne,
na kuikosa hakuumi hata kidogo
ukilinganisha na ule mkono.

Pilipili sikuila. Yaniwasha.

Ikifika saa tatu na dakika kumi
nazima redio,
namwelekezea dari sikio langu zima.