Tarakimu ya Mwisho

Eibar, mvua tangu alfajiri.
Itziar ameileta bunduki ya babu yake
imeviringwa ndani ya shuka la kitanda.
"Ilipigana vita," anasema,
"mwaka wa thelathini na sita,
mlimani, kwenye theluji."

Nasugua kutu kwa mafuta na mswaki mkuukuu.
Chini ya mtutu tarakimu zinachomoza:
nne, moja, tano, sita,
ya mwisho imeliwa nusu. Moja, au saba?

Nafungua daftari la kiwanda,
wino umepauka kama chai ya majani yaliyorudiwa.
Ikiwa moja: Machi, hamsini na mbili.
Ikiwa saba: Machi ileile, siku ileile.

Naandika mwaka kwenye kadi, naigeuza kifudifudi.

"Babu alikuwa mrefu?"
"Mfupi," anacheka. "Ila akianza kusimulia,
dari ilikuwa ikisogea juu."